Mwamba Wahamia Ghorofa ya Tatu

Bweni la Chuo, 4 Februari

Ndugu zangu wa mapambano, mliosimama bega kwa bega sebuleni kwetu tangu tangi lile la samaki lilipojazwa maji kwa mara ya kwanza!

Barua hii isomwe kwa sauti mbele ya Bibi, na msomaji asiruke maneno makubwa, maana nimeyatafuta kwa jasho. Bibi, mchumba wangu, shikamoo.

Nimepokea habari kwamba tunahama, nami nimeikubali kwa kuwa hoja yake haipingiki: nyumba mpya, ijapokuwa iko ghorofani, ni jirani na hospitali, lifti yake inafanya kazi, na Bibi atafika kwenye mazoezi ya viungo bila kubebwa kama gunia. Lakini tusisahau ni nani mwingine anayehama. Wapo viumbe sebuleni mwetu wasio na miguu, wasio na kura, wasio na mdomo wa kulalamikia uhamisho. Matumbawe! Mnayatazama kila siku mkidhani ni maua. Ndugu zangu, si maua. Kila tawi ni mji. Kila mji una raia wadogo kuliko punje ya mchele, kila raia amekunjua mikono yake kuupokea mwanga, na wote kwa pamoja wamejenga mwamba kwa jiwe walilolitoa miilini mwao wenyewe. Hakuna bunge lililowaamuru. Hakuna mkandarasi aliyekula asilimia. Kila nikiliwaza hilo darasani, mhadhiri hunihesabu miongoni mwa waliolala.

Tangu kiharusi kilipomnyang'anya Bibi maneno, ni mbele ya tangi hilo tu ndipo tunapomwona amerudi kwetu. Mkono wake wa kulia huinuka, kidole hugusa kioo, kikamfuata yule samaki wa rangi ya chungwa kutoka tawi hadi tawi. Tukiupoteza mwamba njiani, tutakuwa tumempeleka Bibi kwenye tiba huku tukimpokonya sababu ya kupona.

Kwa hiyo natangaza mpango. Baba atengeneze meza ya tangi na aiegemeze kwenye ukuta ulio juu ya boriti, kwa sababu tangi lililojaa lina uzito wa wageni wa harusi nzima. Dada ayapeleke matumbawe na samaki kwa Fundi Chumvi, kwenye duka lake la samaki wa mapambo, wapate hifadhi mpaka maji mapya yakomae. Mama asimamie uchanganyaji wa chumvi, maana hakuna mwenye mkono mtulivu kumshinda. Nitakapofika kwa likizo mwezi wa Aprili, nataka niukute mwamba umechanua.

Wenu katika harakati,
Mheshimiwa
(jina mlilonipa kwa kejeli, nami nimelipokea kwa dhati)


Katikati ya maboksi, 11 Februari

Mdogo wangu Mheshimiwa,

Hotuba yako imefika. Niliisoma mimi, nimesimama juu ya boksi la sufuria ili nilingane na hadhi yake. Ulipofika kwa mkandarasi aliyekula asilimia, Baba alikohoa kikohozi cha seremala aliyewahi kudhulumiwa. Uliposema "gunia", Bibi alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Kwa hiyo endelea kumtukana, inamfaa.

Wageni wako nimewafikisha kwa Fundi Chumvi. Niliacha cherehani na gauni la bibi harusi halina mkono, nikapanda teksi na ndoo zangu. Dereva akanitazama kwenye kioo chake, "Dada, hayo maua mbona yananikodolea?" Nikamwambia yasalimie basi, yametoka katika familia ya watu. Akakigeuzia kioo dari mpaka tulipofika.

Fundi Chumvi ameyapanga moja moja kwenye tangi lake kubwa, lile la nyuma ya duka, huku akiyanong'oneza kama daktari wa watoto. Akaniambia, "Mwambie Mheshimiwa watalala pazuri kuliko mimi. Lakini hawatoki humu mpaka yeye mwenyewe aniandikie. Nawajua watu wa nyumbani, huwa na haraka."

Nilimwambia haraka ndiyo damu yetu. Akasema ndiyo maana.

Dada yako

Mwanangu. Meza tayari. Nimeikalia, nikamkalisha na mama yako. Haikulia. — Baba


Ghorofani, 25 Februari

Mdogo wangu,

Hii ni yako peke yako. Usiitangaze, wala usiijibu kwa barua ya wote.

Tumehama. Tangi liko mahali pake, Baba amelipima kwa pima maji mpaka kiputo kimeomba kupumzika. Maji ya chumvi tayari, pampu inazunguka. Lakini mawe, yale yaliyokuwa yakiyabeba matumbawe, yameoshwa.

Sisemi yamesuuzwa. Nasema yameoshwa: yamelowekwa kwenye dawa ya kuulia vijidudu, yamesuguliwa kwa brashi, yameanikwa juani ukutani kwa jirani mpaka yakawa meupe kama meno ya bandia. Usiniulize ni nani. Aliyefanya alifanya kwa mapenzi.

Fundi Chumvi alikuja, akayaona, akavua kofia kama yuko msibani. Ametueleza kwamba ndani ya vitundu vya mawe yale waliishi viumbe wasioonekana, na kazi yao ilikuwa kula sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Sasa hawapo. Tumeyasuuza mawe, tukayaloweka, tukayasuuza tena mpaka harufu ya dawa ikaisha. Fundi ametupa kipande kidogo cha jiwe kutoka tangi lake, tukiweke ndani kama hamira kwenye unga. Kilichobaki ni kungoja, na hawezi kusema mpaka lini.

Aya nzima za ukombozi, Mheshimiwa, na hukuandika hata mstari mmoja kwamba mawe yabaki ndani ya maji yake. Nimekagua barua yako mbele na nyuma.

Dada


Bweni la Chuo, 28 Februari

Ndugu wa mapambano!

Isomwe kwa sauti, na madirisha yafunguliwe!

Nimejulishwa, na chanzo changu sitakitaja, kwamba mawe yetu yameoshwa. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama katikati ya maktaba, na mkutubi akanionyesha mlango kabla sijafungua kinywa. Nauliza mbele ya familia nzima: ni nani huyu mwenye brashi? Je, ni mpagazi aliyekodiwa, asiyejua alichokibeba? Au yumo miongoni mwetu, anakunywa chai pamoja nasi? Aliyeyaosha mawe yale hakuosha uchafu, ameosha taifa! Ameingia na dawa katika mji ambao watu wake hawakuwa na kosa ila udogo wao. Hiyo ndiyo akili ya dikteta tangu dunia iumbwe: akiona uhai asiouelewa, huuita doa.

Simhukumu bila kumsikiliza. Lakini ajitokeze.

Mheshimiwa


Ghorofani, 4 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mimi, kwa sauti, mbele ya mama yangu, kama ulivyoagiza. Madirisha yalikuwa wazi. Nilipofika kwa dikteta, dada yako alisimama akasema chai inafurika. Hatukuwa tumebandika chai.

Ni mimi.

Maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia katika chumba cha upasuaji, ambamo kitu kisichooshwa huua. Sijui kupenda kitu bila kukisafisha. Wewe mwenyewe nilikuosha hivyo hivyo ulipozaliwa, na kelele ulizonipigia zilikuwa hizi hizi. Niliyaona mawe yana utelezi na harufu, nikafikiri: mwanangu atakaporudi ayakute yanang'aa. Niliyasugua usiku niliotoka zamu, miguu imevimba. Sikuomba msaada kwa sababu nilitaka iwe zawadi.

Sasa tuliache hilo, kwa kuwa kuna kubwa zaidi, ambalo dada yako hakukuandikia. Bibi yako haangalii tena. Tunamweka mbele ya tangi kila asubuhi kama zamani. Ndani kuna maji na mawe meupe, hakuna kingine. Mkono wake unabaki mapajani. Kwenye mazoezi, mtaalamu anamwambia "sukuma, Bibi," naye hasukumi. Chakula anageuzia uso ukutani. Nimewauguza wengi, najua mtu anavyoonekana anapoanza kuondoka huku bado amekaa kwenye kiti.

Nilimwendea Fundi Chumvi nikamwomba matumbawe yarudi sasa hivi. Akakataa, akasema anangoja mkono wako. Basi mwandikie.

Mama yako


Bweni la Chuo, 9 Machi

Mama mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimekaa. Nilikuwa na maneno ya kujitetea, nayo yote yalikuwa mazuri, na yote nimeyachana. Nisamehe. Uliniandalia zawadi nami nikakusomesha hukumu yako kwa kinywa chako.

Lakini unaniomba niandike ndiyo, na mkono unakataa. Maji yale kwa sasa ni sumu kwa kiumbe laini. Matumbawe yakiingia leo, yatajifunga kama ngumi. Kisha nyama yao itaanza kumong'onyoka vipande vipande, samaki wafuate, na yote hayo yatatendeka nyuma ya kioo, mbele ya macho ya mtu asiyeweza kugeuka wala kusema "niondoeni hapa". Je, hiyo ndiyo picha tunayotaka abaki nayo?

Nakumbuka siku ya kwanza Fundi Chumvi aliponipa lenzi. Nilitazama tawi la kijani nililokuwa nikilipitia kwa macho tu kila siku, nikaona midomo. Mamia ya midomo, kila mmoja umezungukwa na vidole, vikifunguka na kujifunga bila kusikilizana na bado kwa mwendo mmoja. Nilisahau kupumua. Nimesimama mbele ya umati uwanjani, Mama, nimesikia maelfu wakiitikia kauli yangu, na sijawahi kujiona mdogo na mwenye bahati kama nilivyojiona nyuma ya lenzi ile. Kazi hiyo haiwezi kuamrishwa. Naomba tungoje.

Mpe Bibi mkono wangu, ule ambao hauna la kuandika.

Mwanao


Ghorofani, 26 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia Mama akiwa zamuni. Tumengoja, kama ulivyotaka. Mawe yamepata utando wa kahawia, kisha wa kijani, sasa hata weupe hayana. Ukilitazama tangi utafikiri ni dimbwi la barabarani lenye umeme.

Si hilo linalonifanya niandike. Mkono wa Bibi umeanza kutetemeka. Ule mzuri, wa kulia. Mwanzoni tulifurahi kuuona umeinuka, kidole kikagusa kioo, Baba akaita watu. Lakini haufuati kitu, maana hakuna kitu cha kufuata. Unaruka. Unatulia, unaruka kidogo, unatulia, unaruka upande mwingine. Anakaa hivyo tangu chai ya asubuhi mpaka tunamwondoa kwa nguvu, na tukimwondoa analia bila sauti. Mama hajasema, lakini namwona anavyoutazama mkono ule. Anaogopa ni kiharusi cha pili kinabisha hodi. Ameshaomba nafasi kwa daktari.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa hotuba. Kama Bibi anakwenda, basi aende ameuona mwamba wake. Yakifa, yafe. Mwandikie Fundi.

Dada


Bweni la Chuo, 30 Machi

Dada,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ni ya Fundi Chumvi. Nimemwandikia ayatoe yote, leo hii. Mama ampelekee yeye mwenyewe.

Nilidhani kanuni ni kitu ambacho mtu husimama nacho mpaka mwisho. Bibi alinifundisha kusema kabla sijafundishwa kuhutubia. Ayaone, hata kama ni kwa siku moja.

Mdogo wako


Ghorofani, 4 Aprili

Mwanangu,

Karatasi yako ya Fundi bado imo mfukoni mwa sare yangu. Sijaipeleka. Tulia, usisimame maktabani. Nakueleza kwa utaratibu.

Nilipoipokea nilikuwa nimevaa tayari kwenda dukani. Nikasema, kabla sijatoka nimpime Bibi, ili nimpelekee daktari maelezo kamili. Mapigo ya moyo yalikuwa matulivu. Nikauchukua mkono wake nikauweka mapajani: haukutetemeka hata kidogo. Nikaurudisha kiooni: ukaanza. Nikaurudisha mapajani: kimya. Mkono unaotetemeka kwa maradhi hauchagui mahali, mwanangu. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake, ili macho yangu yawe pale yalipo yake. Nikatazama ncha ya kidole. Nikaona jiwe, lile nililolisugua mimi, lenye utando wake wa kijani. Nilitazama mpaka magoti yakauma. Kisha jiwe likasogea.

Halikuwa jiwe. Ilikuwa nukta nyeupe, ndogo kuliko chembe ya chumvi, ina mkia uliogawanyika na pembe mbili kichwani. Ikatulia. Ikaruka. Ikatulia. Na kidole cha mama yangu kikatulia, kikaruka, kikatulia. Kando yake nikaiona ya pili. Halafu macho yakazoea, na jiwe zima likawa linatembea. Vioo vyote vinne, mchanga wote, kila kitundu, wametapakaa kila mahali! Nilikuwa nimewapita kila siku nikienda kazini, nimesimama wima, na miwani yangu.

Hakuwa akitetemeka. Alikuwa anafuata.

Nilimwita baba yako. Akaja na taa yake ya karakana, akalala kifudifudi sakafuni kama mtoto, akakaa hapo muda mrefu. Akasema, "Duh." Dada yako akaja na pini mdomoni, akapiga magoti, pini zikamdondoka zote, na mpaka sasa tunatembea kwa tahadhari.

Fundi Chumvi tulimwita kwa simu, akaja. Alisema ni wadudu wa baharini, wametoka kwenye kile kipande alichotupa, lakini hakutegemea wangezaana namna hii. Akachota maji kwenye kichupa, akatia matone yake ya kupimia, akatikisa. Maji yakabaki ya njano. Tulisimama wote tunaitazama ile njano kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo. Njano maana yake sumu imekwisha. Akamwinamia Bibi, akamwambia, "Wewe ulijua kabla ya vipimo vyangu." Bibi akamsogeza kwa kiwiko, alikuwa amemzibia kioo.

Fundi anasema tuanze na tumbawe moja tu. Dogo, gumu la roho. Likistahimili, lingine. Kwa mwendo huo mwamba hautakamilika likizo hii, na pengine hata ijayo.

Nafasi ya daktari sikuifuta. Aende akapimwe, ni haki yake. Lakini jana kwenye mazoezi mtaalamu alimwambia "sukuma, Bibi," naye akasukuma mpaka mtaalamu akarudi nyuma hatua. Ana haraka ya kurudi nyumbani.

Niliua kila kitu katika mawe yale, mwanangu, kwa mikono hii, kwa ustadi. Na uhai ukarudi bila kuniomba ruhusa. Naingia zamu usiku huu na sijui nitawaambia nini wenzangu.

Mama yako


Bweni la Chuo, 8 Aprili

Ndugu zangu wa mapambano, wakaazi wa ghorofa ya tatu, na ninyi nukta msio na idadi mnaoishi nyuma ya kioo bila kitambulisho!

Isomwe kwa sauti, lakini taratibu, msije mkamkatiza Bibi kazini.

Niliisoma barua ya Mama kwenye ngazi za bweni, na wenzangu wa kamati, waliokuja kuniita mkutanoni, walinikuta nalia. Wakauliza nani amefariki. Nikasema hakuna aliyefariki. Nikajaribu kuwaeleza, nikashindwa. Mimi! Niliyewahi kuhutubia mpaka mvua ikaanza na ikaisha! Nilifungua kinywa na hakuna kilichotoka, na katika ukimya ule nilimwelewa Bibi kwa mara ya kwanza tangu alipougua. Tulidhani ukimya wake ni chumba kitupu. Kumbe alikuwa na umati mbele yake, na alikuwa ameshawatambua mmoja mmoja, wakati sisi tulipokuwa tunaandikiana nani mwenye brashi na nani mwenye kanuni.

Kwa hiyo natamka haya. Karatasi ya Fundi Chumvi ichanwe. Tarehe niliyouwekea mwamba naifuta, na sitauwekea nyingine. Mama, neno "dikteta" naliondoa katika kumbukumbu za familia, na badala yake iandikwe kwamba uliandaa uwanja. Baba, "Duh" yako imepitishwa bila kupingwa.

Nafika kwa treni ya Ijumaa. Tumbawe dogo litaletwa kesho yake, naye Fundi amekubali kulibeba mwenyewe. Natoa tangazo la mkutano: ni Jumamosi, saa kumi alasiri, mbele ya tangi, tukiwa tumezima taa zote isipokuwa ile ya maji. Wajumbe wote wapige magoti, macho yalingane na ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni Bibi. Mwenye hotuba aiache mlangoni, nami nitatangulia kuiacha yangu. Kikao kitafunguliwa kidole chake kitakapogusa kioo, na hakitafungwa mpaka yeye mwenyewe akiondoe.